Oberlin, Ohio: Mwongozo Kamili wa Kutembelea Maeneo ya Kihistoria na Kupima Masimulizi ya Wenyeji

Oberlin ni mji mdogo wa chuo katika jimbo la Ohio, kiasi cha kilomita 55 kusini-magharibi mwa Cleveland. Anayepita kwa gari bila kusimama huona uwanja wenye miti mikubwa, kanisa la matofali, maduka machache na majengo ya chuo, na baada ya dakika chache huwa ameshautoka. Hatajua kwamba mwezi Septemba 1858 wakazi wa mji huu, weusi kwa weupe, waliacha mashamba, maduka na madarasa yao wakaenda kumtoa mtu mmoja mikononi mwa maofisa wa serikali ya shirikisho waliokuwa njiani kumrudisha utumwani. Tukio hilo, pamoja na yaliyolitangulia na yaliyolifuata, linaufanya mji huu ustahili siku nzima ya msafiri anayependa historia, na zaidi ya wote msafiri kutoka Afrika.

Mwongozo huu unafuata njia ya kutembea kwa miguu kuanzia katikati ya mji, na mwishoni unahitaji gari kwa sehemu mbili tu. Pamoja na njia, unaeleza namna ya kusikiliza. Miji ya vyuo ina masimulizi mengi, na ya Oberlin yamekuwa yakisimuliwa kwa karibu miaka 200, kila kizazi kikiongeza lake. Ushauri wangu ni kwamba kila simulizi lifungwe kwenye kitu unachoweza kukiona au kukisoma: nyumba, jiwe, picha, hukumu ya mahakama. Simulizi lisilo na pa kufungwa lisikilizwe kwa heshima, lakini lisirudiwe kwa wengine kana kwamba ni historia iliyothibitishwa.

Kabla ya kufunga safari

Njia rahisi ni kushukia uwanja wa ndege wa Cleveland na kukodi gari. Wasomaji wanaoishi Cleveland, Akron au Columbus wanaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Usafiri wa umma kufika Oberlin ni haba, hivyo usiutegemee bila kuhakikisha ratiba mapema. Majira mazuri ni kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi Oktoba. Majira ya baridi ni makali kwa sababu ya upepo wa Ziwa Erie, na theluji huweza kufunika maandishi ya makaburi kabisa. Epuka wikiendi ya mahafali mwishoni mwa mwaka wa masomo ikiwa unataka utulivu.

Wasiliana mapema na Oberlin Heritage Center, taasisi inayotunza nyumba za kale za mji na kuongoza matembezi ya kihistoria, kwa kuwa ziara za ndani ya nyumba hizo hufuata ratiba maalumu. Beba daftari. Kila utakaposimuliwa jambo, andika pembeni ni nani aliyekuambia na alisema limeandikwa wapi, maana tabia hiyo ndogo itakufaa njia nzima.

Hatua ya kwanza: kona ya kusini-mashariki ya uwanja wa Tappan

Anzia pale mtaa wa Main unapokutana na mtaa wa College. Mji ulianzishwa mwaka 1833 na John Jay Shipherd na Philo Penfield Stewart, waliotaka kuunda jumuiya ya Kikristo yenye shule ndani ya msitu, na wakaupa jina la mchungaji wa Alsace, Jean Frédéric Oberlin. Familia ya kwanza kuhamia, ya Peter Pindar Pease, ilijenga kibanda cha magogo karibu na mti mkubwa wa elm uliokuwa kwenye kona hii. Mti huo umeshakufa, lakini mahali pake panakumbukwa hadi leo.

Uwanja wenyewe umepewa jina la Arthur Tappan, mfanyabiashara wa hariri wa New York, na sababu ya jina hilo ndiyo ufunguo wa historia yote ya mji. Mwaka 1834 wanafunzi wa seminari ya Lane huko Cincinnati walifanya midahalo mirefu kuhusu utumwa, wakaafikiana kwamba ukomeshwe mara moja. Wadhamini wa seminari wakapiga marufuku midahalo hiyo, na wengi wa wanafunzi wakajitoa. Oberlin, shule changa iliyokuwa ukingoni mwa kufilisika, ikawakaribisha pamoja na fedha za Tappan, lakini wao waliweka masharti: uhuru wa kujadili, na milango iliyo wazi kwa wanafunzi weusi. Bodi ya chuo iligawanyika nusu kwa nusu mwanzoni mwa mwaka 1835, na kura ya mwenyekiti wake, mchungaji John Keep, ndiyo iliyoamua. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu wenyeji wengine husimulia kana kwamba Oberlin ilizaliwa ikiwa na msimamo huo. Ukweli ni kwamba ilifika hapo kwa hoja za vijana, kwa shinikizo la fedha, na kwa kura moja.

Ndugu yake Arthur, Lewis Tappan, ndiye aliyeongoza utetezi wa Waafrika wa meli ya Amistad, waliokuwa wakipelekwa utumwani, wakauteka uongozi wa meli hiyo mwaka 1839 na kuachiwa huru na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1841. Miongoni mwao alikuwamo msichana mdogo aliyeitwa Margru, mzaliwa wa eneo ambalo leo ni Sierra Leone. Alirudishwa Afrika, kisha mwaka 1846 akavuka tena bahari hiyo hiyo, safari hii kwa hiari yake, kuja kusoma Oberlin kwa jina la Sarah Margru Kinson, na hatimaye akarejea kwao kuwa mwalimu. Kwa maoni yangu hakuna simulizi la Oberlin linalostahili kujulikana zaidi na wasomaji wa Afrika kuliko hili. Hata hivyo wageni wengi huondoka bila kulisikia, kwa hiyo uliza habari zake wewe mwenyewe.

Hatua ya pili: First Church

Panda na mtaa wa Main kuelekea kaskazini hadi kona ya mtaa wa Lorain. Kanisa la matofali lililo mbele yako lilijengwa kati ya mwaka 1842 na 1844, na kwa muda mrefu ndilo lililokuwa ukumbi mkubwa wa mji. Mhubiri wake mashuhuri alikuwa Charles Grandison Finney, aliyekuja mwaka 1835 na baadaye kuwa rais wa chuo kuanzia 1851 hadi 1866. Ibada za mazishi, mahafali na mikutano ya kupinga utumwa zilifanyika ndani ya kuta hizi.

Hapa pia ni mahali pa kutafakari habari za wanawake. Mwaka 1841 Mary Hosford, Elizabeth Prall na Caroline Mary Rudd walipata hapa Oberlin shahada ya kwanza kwa masomo yale yale waliyosoma wanaume, na mwaka 1862 Mary Jane Patterson akawa, kwa kadiri inavyojulikana, mwanamke mweusi wa kwanza Marekani kupata shahada hiyo. Wanaoongoza wageni hupenda kuishia hapo. Usikubali kuishia hapo. Lucy Stone, aliyehitimu mwaka 1847, alikataa kuandika hotuba ya mahafali kwa kuwa sheria za chuo zilitaka isomwe na mwanamume badala yake. Na Antoinette Brown alimaliza masomo ya theolojia mwaka 1850 bila kupewa shahada, kwa sababu tu ni mwanamke. Mlango ulifunguliwa, lakini waliopita walilazimika kuinama.

Hatua ya tatu: Tao la Kumbukumbu na desturi za wanafunzi

Kata uwanja kuelekea magharibi hadi kwenye tao la mawe linaloelekea mtaa wa Professor. Lilizinduliwa mwaka 1903 kuwakumbuka wamisionari waliotoka Oberlin, pamoja na watoto wao, waliouawa nchini China mwaka 1900 wakati wa uasi wa Maboksa, Wachina waliowapinga wageni. Kwa miongo mingi wahitimu walipita chini yake katika msafara wa mahafali. Baadaye baadhi yao wakaanza kuzunguka pembeni, wakisema kwamba tao lilikuwa limewakumbuka wageni na kuwasahau Wachina waliokufa, na mwishowe likaongezwa bamba la kuwakumbuka hao pia. Ukifika wakati wa mahafali utaona bado kuna wanaopita ndani na wanaozunguka. Simama usome maandishi ya zamani na ya karibuni kwa pamoja. Ni mfano wa wazi wa jiwe moja linalobishaniwa na vizazi viwili.

Mengine ya uwanjani hayahitaji muda mrefu. Kuna mawe makubwa mawili ambayo wanafunzi huyapaka rangi upya kila wanapokuwa na tangazo au jambo la kusherehekea, na kuna kindi weupe ambao wenyeji husema kuwaona ni bahati, hasa kabla ya mtihani.

Hatua ya nne: reli inayochomoza ardhini

Shuka hadi kona ya kusini-magharibi ya uwanja, uvuke kuelekea jengo la Talcott. Kwenye nyasi utaona kipande cha njia ya reli, pau mbili za chuma na mataruma yake ya mbao, kinachoanza chini kabisa ya usawa wa majani na kupanda kwa mshazari hadi kuishia hewani. Ni kazi ya mwanafunzi Cameron Armstrong ya mwaka 1977, na inakumbusha mtandao wa siri uliowasaidia watumwa watoro kutoka majimbo ya kusini kufika Kanada, mtandao ulioitwa kwa fumbo Reli ya Chini ya Ardhi. Sogea karibu na uchunguze pale chuma kinapotokea udongoni, kwani picha nyingi hupigwa kutoka mbali na kuikosa sehemu hiyo.

Hapa ndipo pa kupima simulizi linalopendwa kuliko yote, la mahandaki. Utaambiwa kwamba chini ya mji kuna njia zilizounganisha nyumba na kanisa, na kwamba kila nyumba ya zamani ilikuwa na chumba cha siri. Jiulize swali moja: katika mji ambao watu weusi, wakiwemo watoro, waliishi kwenye nyumba zao, wakafanya kazi mchana kweupe na kusomesha watoto wao, handaki lingekuwa la kazi gani? Watoro walifichwa, ndiyo, hasa baada ya Sheria ya Watumwa Watoro ya mwaka 1850 kuwapa wasakaji nguvu ya serikali ya shirikisho, lakini walifichwa darini, kwenye vyumba vya nyuma, mazizini na mashambani. Kilichowalinda zaidi ni majirani waliokuwa tayari kupiga kelele. Wenyeji hupenda kusema kwamba hakuna mtoro aliyefika Oberlin akarudishwa utumwani. Ukilisikia dai hilo, liandike kama dai la wenyeji, halafu endelea hadi hatua ya sita, ambapo utaona jinsi lilivyokaribia kuvunjika.

Hatua ya tano: nyumba za Oberlin Heritage Center

Endelea kusini kwa mtaa wa Professor. Katika eneo moja utakuta nyumba ya Monroe ya mwaka 1866, shule ndogo nyekundu ya mwaka 1836, na nyumba ya profesa Frank Fanning Jewett ya miaka ya 1880. Chukua ziara ya kuongozwa ikiwa ipo siku hiyo, na uulize maswali uliyoyakusanya asubuhi. Nimeona kwamba watu wa taasisi kama hii hufurahi wanapoulizwa ushahidi, na mara nyingi watakueleza wenyewe ni simulizi lipi lina nyaraka na lipi halina.

Shule nyekundu ni ndogo, na hilo linasaidia: ingia, tazama madawati, na ukumbuke kwamba watoto weusi na weupe walisoma pamoja katika mji huu wakati ambapo katika majimbo mengi ya kusini kumfundisha mtumwa kusoma lilikuwa kosa la jinai.

Hatua ya sita: mtaa wa Vine na kisa cha John Price

Hii ndiyo sehemu ya kukaa muda mrefu. Elekea mashariki kwa mtaa wa Vine, uvuke mtaa wa Main, na utafika kwenye nyumba ya matofali ya Wilson Bruce Evans, iliyojengwa katikati ya miaka ya 1850. Evans alikuwa fundi wa samani, mtu mweusi aliyezaliwa huru, aliyehamia hapa mwaka 1854 na kaka yake Henry kutoka North Carolina. Nyumba hii imetambuliwa rasmi kuwa eneo la kihistoria la kitaifa. Usiingie kwenye baraza wala uwani bila ruhusa; utaona vya kutosha ukiwa njiani.

Ukiwa hapo, kisome kisa chote kwa utaratibu. John Price alikuwa kijana aliyetoroka kutoka Kentucky na kuishi Oberlin. Mwezi Septemba 1858 msakaji wa watoro aliyeitwa Anderson Jennings alifika mjini, akatambua kwamba kumkamata mtu katikati ya Oberlin ni kujitakia balaa, akatafuta hila. Alimlipa dola 20 mvulana wa miaka 13, Shakespeare Boynton, mtoto wa mkulima tajiri, amtoe Price nje ya mji kwa kigari cha farasi kwa kisingizio cha kazi ya kuchimba viazi. Tarehe 13 Septemba mvulana akafanya hivyo. Huko barabarani wasakaji wakiwa na ofisa wa mahakama ya shirikisho walimkamata Price na kushika njia ya Wellington, mji wenye stesheni ya treni kiasi cha kilomita 14 kusini, ili wapande treni ya jioni ya kwenda Columbus.

Njiani walipishana na mwanafunzi wa Oberlin, Ansel Lyman, ambaye alisikia kilio cha Price na kupeleka habari mjini. Watu wakatoka kwa farasi, kwa magari ya kukokotwa na kwa miguu. Walipofika Wellington walikuta umati mwingine tayari, kwa kuwa asubuhi hiyo mji huo ulikuwa umepatwa na moto. Wasakaji walijifungia na Price darini katika hoteli. Yakafuata masaa ya mazungumzo, ambayo Charles Langston, mwalimu mweusi na mmoja wa wasemaji hodari wa Ohio, alijaribu kuyamaliza kwa amani. Mazungumzo yaliposhindikana, watu waliingia kwa nguvu, wakamchukua Price, na Simeon Bushnell akamkimbiza kwa kigari hadi Oberlin. Price alifichwa nyumbani kwa profesa James Fairchild, mtu ambaye hakuna aliyemshuku kwa kuwa alijulikana kuwa mtulivu na mwenye kushika sheria, kisha akavushwa kwenda Kanada. Baada ya hapo kumbukumbu zinanyamaza.

Serikali iliwashtaki watu 37, wakiwemo Wilson Bruce Evans na kaka yake Henry. Waliohukumiwa kwa kesi kamili katika mahakama ya Cleveland mwaka 1859 ni wawili tu: Bushnell, aliyepewa siku 60 na faini ya dola 600, na Langston. Kabla ya hukumu Langston alisimama na kumwambia hakimu kwamba mtu mweusi hakuweza kuhukumiwa na wenzake katika mahakama ile, na kwamba angefanya tena alichokifanya. Hotuba ile ilimgusa hata hakimu, na adhabu yake ikawa siku 20 na faini ya dola 100. Wenzao wengi walibaki jela kwa mshikamano ingawa wangeweza kutoka kwa dhamana, na humo ndani wakachapisha gazeti walilolipa jina la The Rescuer. Wakati huo huo kaunti ya Lorain iliwafungulia wasakaji kesi ya utekaji nyara, na mwisho wake ulikuwa mapatano: pande zote mbili zikafuta mashtaka, na mwezi Julai wafungwa wakarudi nyumbani kwa shangwe.

Ipo picha ya kundi la wafungwa hao iliyopigwa katika ua wa jela ya Cleveland. Itafute kabla ya safari na uwe nayo kwenye simu. Wamesimama kwa mstari, wamevaa makoti na kofia ndefu, weusi na weupe bega kwa bega, na hakuna hata mmoja mwenye sura ya mtu anayeona aibu. Kwangu picha hii ina uzito kuliko jengo lolote la mjini.

Sogea mbele kidogo kwa mtaa huo huo hadi bustani ya Martin Luther King Jr., ambaye alihutubia mahafali ya chuo mwaka 1965. Ndani ya bustani kuna mnara mweupe wa marumaru unaowakumbuka Lewis Sheridan Leary, John Anthony Copeland na Shields Green, waliojiunga na John Brown, mzungu aliyepigana kukomesha utumwa, katika shambulio la ghala la silaha la serikali huko Harpers Ferry, Virginia, mwezi Oktoba 1859. Leary alikufa kwa majeraha. Copeland, mpwa wa Wilson na Henry Evans, alinyongwa pamoja na Green tarehe 16 Desemba mwaka huo. Wazazi wa Copeland walimwomba James Monroe, profesa wa chuo, aende Virginia kuuleta mwili. Alifika hadi Winchester, lakini wanafunzi wa udaktari walikuwa wameshauchukua kwa ajili ya mafunzo yao na wakakataa kuutoa. Kwa hiyo mnara huu hauna kaburi chini yake. Ulisimamishwa awali kwenye makaburi ya Westwood na kuhamishiwa hapa katika miaka ya 1970.

Maandishi yake yanawaita wote watatu raia wa Oberlin, na hapo pana mtego mzuri kwa anayetaka kujifunza kupima. Kwa Leary na Copeland hakuna shaka. Kuhusu Green, kumbukumbu nyingi zinamweka Charleston alikotoroka, kisha Rochester, na ndipo akaenda na Frederick Douglass, mpinga utumwa mashuhuri, kukutana na John Brown. Hata hivyo Monroe aliandika, miaka mingi baadaye, kwamba alipouona mwili wa Green huko Winchester alimtambua kuwa mtu aliyezoea kukutana naye katika mitaa ya Oberlin. Hivyo jiwe linasema hivi, shahidi mmoja analiunga mkono, na nyaraka nyingine zinaelekea kwingine. Andika yote matatu kwenye daftari lako, hulazimiki kuamua.

Jambo moja zaidi kabla ya kuondoka: mjane wa Leary, Mary Patterson (si yule Mary Jane Patterson wa shahada ya 1862), baadaye aliolewa na Charles Langston, na mjukuu wao akawa mshairi Langston Hughes.

Hatua ya saba: mtaa wa East College

Panda kaskazini hadi mtaa wa College. Upande wa mashariki kuna nyumba aliyoishi John Mercer Langston, mdogo wake Charles, kuanzia mwaka 1856. Alihitimu Oberlin mwaka 1849, akawa mwanasheria, mwaka 1855 akachaguliwa kuwa karani wa kitongoji cha Brownhelm, na baadaye akaingia Bunge la Marekani akiwakilisha Virginia. Itazame kutoka njiani.

Mbele ya nyumba hii ni haki kumkumbuka Edmonia Lewis. Alikuwa mwanafunzi mwenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa asili wa Amerika, aliyepanga nyumbani kwa yule yule John Keep wa kura ya 1835. Mwaka 1862 alishtakiwa kwamba aliwawekea sumu rafiki zake wawili wa kizungu katika kinywaji. Kabla kesi haijasikilizwa, watu wasiojulikana walimteka usiku, wakampiga na kumtupa kondeni kwenye baridi. John Mercer Langston alimtetea na mashtaka yakaanguka. Aliondoka chuoni bila kuhitimu, akaenda Boston kisha Rumi, akawa mchongaji wa sanamu mwenye sifa duniani. Chuo kilimpa stashahada yake mwaka 2022, zaidi ya miaka 100 baada ya kifo chake. Mwongoza wageni asiyemtaja hajaueleza mji huu wote.

Ukirudi kuelekea katikati, utapita nyumba ya familia ya Charles Martin Hall. Tarehe 23 Februari 1886, katika banda la kuni nyuma ya nyumba hii, Hall akiwa na umri wa miaka 22 alipitisha umeme wa betri katika mchanganyiko ulioyeyushwa na kupata vipande vidogo vya aluminiamu. Mfaransa Paul Héroult aligundua njia hiyo hiyo mwaka huo huo. Wenyeji husimulia kwamba wazo lilitoka darasani, profesa Jewett aliposema kuwa atakayeipata metali hiyo kwa bei nafuu atatajirika; na dada yake Hall, Julia, ambaye naye alisoma kemia, alishiriki kwa kiwango ambacho wanahistoria bado wanakijadili. Chuoni kuna sanamu ya Hall ya aluminiamu. Kwa wepesi wake wanafunzi walizoea kuibeba na kuihamisha, mpaka ilipogandishwa kwenye jiwe la matale. Hili, tofauti na mahandaki, lina ushahidi.

Hatua ya nane: makaburi ya Westwood

Sasa chukua gari hadi mtaa wa Morgan. Finney amezikwa hapa, pamoja na maprofesa, mafundi na waliokuwa watumwa. Tafuta kumbukumbu ya Lee Howard Dobbins. Alikuwa mtoto yatima wa miaka minne, aliyefikishwa Oberlin tarehe 17 Machi 1853 na mama aliyemlea, wakiwa safarini kutafuta uhuru. Alikuwa amedhoofika kwa kifua kikuu na hakuweza kuendelea. Mama akaendelea na watoto wengine kuelekea Kanada, kwa kuwa kungoja kungewaangamiza wote, na mtoto akafa tarehe 26 Machi mikononi mwa wenyeji. Mazishi yake katika First Church yanasemekana kuhudhuriwa na watu wapatao 1,000. Tembea taratibu, usikanyage makaburi, na usisugue mawe kwa chaki ili kusoma maandishi, maana marumaru ya zamani hulika upesi. Mwanga wa tochi ya simu ukimulikwa kwa pembeni unatosha.

Hatua ya mwisho: barabara ya Wellington

Ikiwa jua bado lipo, endesha kusini kwa barabara namba 58 hadi Wellington. Ni mwendo wa kama robo saa. Hoteli alimofungiwa John Price haipo tena, lakini uwanja wa katikati ya mji upo, na ukisimama hapo unaelewa jinsi eneo lilivyokuwa finyu kwa umati ule. Pia utaelewa umbali: wengi wa waliotoka Oberlin mchana ule hawakujua kama wangekuta treni imeshaondoka.

Ukirudi nyumbani, soma kwanza hotuba ya Charles Langston mahakamani, ambayo inapatikana bila malipo kwenye intaneti, kisha pitia daftari lako ukitenganisha kile ulichoonyeshwa na kile ulichoambiwa tu. Penye pengo, iandikie Heritage Center au hifadhi ya nyaraka ya chuo cha Oberlin. Taja mahali uliposimama, maneno uliyoyasikia na swali lako, kwa kuwa swali lenye jina la mtaa na jina la mtu hujibika upesi kuliko swali la jumla.